Taja Bei Kabla ya Machozi

Kinyozi wa mtaani kwetu Kaloleni ameandika bei ukutani kwa rangi nyekundu: mkubwa, mtoto, ndevu. Msusi wa mlango wa pili atakwambia bei kabla hujakalia kiti, na ukitaka kupunguziwa mtavutana hapo hapo mbele ya watu, mkicheka. Mama samaki wa Kibuye anainua ngege, anataja bei, unakunja uso, anateremsha kidogo, mnaelewana. Hata mtu wa boda hawashi pikipiki kwenda Kondele kabla hamjakubaliana.

Sasa jaribu kumuuliza mshauri nasaha wa hapa Kisumu, aliyefungua ofisi yake mwenyewe, kikao cha saa moja ni pesa ngapi. Utaambiwa, "Karibu tu, tutaongea." Utaambiwa, "Njoo inboksi." Utaambiwa, "Kwanza tuone hali yako." Ukurasa wake wa Facebook una picha ya jua likizama Ziwani, una maneno matamu kuhusu kupona, una namba ya simu na ramani ya kufika. Kitu kimoja tu hakipo. Bei.

Si wote, najua. Lakini ni wengi vya kutosha hadi imekuwa desturi ya kazi, na desturi hiyo inaitwa huruma. Mimi nasema ni aibu iliyovaa koti la huruma, na inaumiza watu wawili kwa mpigo: anayekuja na machozi na anayeyapokea. Mshauri asiyeweza kutaja bei yake kwa sauti ya kawaida hajamfanyia maskini hisani yoyote. Amemwachia kazi ya kukisia.

Aibu hii ina historia, na hapa kwetu historia yenyewe ina nembo ya wafadhili. Watu wa kando ya Ziwa walijifunza maana ya ushauri nasaha kupitia ukimwi. Miaka ya 2000 ilikuwa miaka ya vituo vya VCT, na baada ya Marekani kutangaza mpango wa PEPFAR mwaka 2003, pesa nyingi za kulipa watu wa kazi hiyo zilitoka ng'ambo. Uliingia bure, ukapimwa bure, ukaketi na mtu aliyefunzwa kusikiliza, ukatoka. Kazi ile iliokoa maisha na sitaki mtu aniambie vingine. Lakini ilituachia somo moja la uongo: kwamba mazungumzo hayana gharama. Gharama ilikuwepo. Ililipwa na mtu ambaye hatukumwona, mwisho wa mwezi, kwenye akaunti ya mshauri.

Halafu ikafika tarehe 20 Januari 2025. Donald Trump akatia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika Julai mosi USAID kama shirika ikawa imefunga shughuli zake. Wafanyakazi wengi wa miradi ya ukimwi, washauri wakiwemo, wakarudi nyumbani. Baadhi yao ndio hawa leo wamekodi chumba kimoja juu ya duka la dawa, wakanunua viti viwili na pakiti ya tishu, wakabandika karatasi mlangoni. Ujuzi wanao. Wana miaka ya kusikiliza mambo ambayo mimi na wewe tungeyasikia mara moja tukose usingizi wiki nzima. Ambacho hawakuwahi kulazimika kufanya ni kumtazama mtu anayelia na kusema, "Ni elfu mbili."

Hawakufunzwa. Chuoni walifunzwa jinsi ya kunyamaza vizuri, jinsi ya kuuliza swali lisilo na jibu la ndiyo au la, jinsi ya kutunza siri. Pesa iliachiwa ofisi ya uhasibu. Na sasa ofisi ya uhasibu ni wao.

Ongeza hapo neno "wito". Ukiingia kazi hii Kenya utaambiwa siku ya kwanza kwamba ni wito, na neno hilo lina njia yake ya kukuingia mfukoni. Pasta anashauri bure, imamu anashauri bure, shangazi anashauri bure hata kama hujamuomba, wewe ni nani utoze? Ila ukichunguza, pasta ana sadaka. Ajuoga wa kijijini hakuanza kazi kabla ya kitu kuwekwa chini. Kungwi wa Pwani alikuwa na ada yake, na hakuna aliyemwita mchoyo. Wazee wetu walijua kwamba anayebeba siri ya mtu amebeba mzigo, na mzigo hulipiwa. Ndio maana wakasema mkono mtupu haulambwi. Hii fikra kwamba mtu mwema hapaswi kuzungumzia pesa si ya kimila. Ni ya juzi tu, ya enzi ya semina na posho.

Halafu kuna sisi wateja. "Omera, si ni kuongea tu?" Nimeisikia hii sentensi kwenye tuktuk, kwenye kibanda cha chapati, kwenye harusi. Kuongea tu. Ni kama kusema fundi wa mabomba anashika tu bomba. Mtu huyo huyo atampigia mshauri saa nne usiku kama rafiki, amwage moyo dakika arobaini, kisha aseme, "Asante dakta, Mungu akubariki." Mungu akubariki hailipi stima.

Nani anaumia zaidi bei ikifichwa? Si mwenye pesa. Mwenye pesa hata haulizi, anaingia, anatoka, anatuma. Anayeumia ni yule anayehesabu.

Mimi ni wa kuhesabu. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Karo ile ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, muhula kwa muhula, na pamoja na uchungu wote karatasi hiyo iliniheshimu. Niliketi na mama tukapiga hesabu, tukaona haifiki, nikaamua nikiwa na akili zangu. Miezi kadhaa baadaye, usingizi ukiwa umenikataa kabisa, nilienda kumwona mshauri mmoja ambaye simtaji. Kwa simu aliniambia mambo ya pesa yasinitie wasiwasi. Nilikaa dakika hamsini nikisema vitu ambavyo sikuwahi kumwambia mtu. Mlangoni, bado napangusa macho, nikaambiwa ni 3,500. Kwenye M-Pesa nilikuwa na 1,200. Nikatuma 1,000, nikaahidi zilizobaki, nikatembea kwa miguu hadi Kaloleni. Nilimaliza kulipa kwa awamu tatu. Sikurudi tena. Alikuwa amenisaidia, hilo nalikubali mchana kweupe. Lakini kila nikikumbuka niliyoyasema mle ndani, nakumbuka pia nilivyosimama mlangoni nikisoma salio.

Kama angesema 3,500 kwenye simu, ningesema siwezi. Pengine angesema ana nafasi ya 1,000 Jumanne asubuhi. Pengine angenielekeza kwingine. Vyovyote vile, ningekuwa nimeongea kama mtu mzima na mtu mzima.

Tuhamie kiti cha pili sasa, kwa sababu huyu naye ana njaa. Tuseme mshauri anatoza 2,000 kwa kikao. Tuseme ana miadi 10 kwa wiki, na watu watatu hawatokei, maana mvua imenyesha, au mtoto ni mgonjwa, au wameogopa. Anabaki na vikao 7, yaani 14,000 kwa wiki, 56,000 kwa mwezi. Mtaani watu wakisikia hiyo hesabu wanasema huyo ameomoka. Ngoja. Toa kodi ya chumba 15,000. Toa 6,000 za kukutana mara mbili na mshauri mkongwe anayemsimamia, kwa sababu mtu anayesikiliza vifo na ubakaji wiki nzima hawezi kurudi nazo nyumbani peke yake. Toa 3,000 za kuweka kando kwa ajili ya leseni na mafunzo. Toa 2,000 za bando na simu. Toa 4,000 za usafiri. Zimebaki 26,000. KRA hajabisha hodi bado.

Sasa weka ile huruma isiyo na mpango. Kila wiki watu watatu kati ya wale saba wanafika mwisho wa kikao na kusema, "Dakta, leo nimesota, niko na elfu moja tu." Anakubali, angefanyaje, mtu ametoka kulia. Elfu tatu kwa wiki, 12,000 kwa mwezi. Ile 26,000 imekuwa 14,000. Kutoka hapo alipe nyumba, karo ya watoto, na mchango wa matanga huko nyumbani kila Ijumaa.

Ni hesabu ya kubuni, lakini mpe mshauri yeyote aliyejiajiri uone kama atacheka. Na kinachonitisha ni kile ambacho hesabu hiyo hufanya ndani ya chumba.

Fuliza ilikuja Januari 2019, na kila aliyeitumia anajua tabia yake: hela ikiingia, deni hujikata kwanza kabla hujaiona. Fikiria basi mshauri ambaye laini yake ya kazi ndiyo laini yake ya unga. Mteja ametoka kusimulia jinsi baba yake alivyomchapa, ametuma 2,000, na ujumbe unaofuata unasema salio ni 340. Mshauri amefanya kazi ya jana. Ana dakika kumi kabla ya mtu mwingine kuingia. Unafikiri anaingia akiwa na moyo wa kumsikiliza nani?

Kinyongo huwa hakisemi, lakini kinasikika. Mteja anayedaiwa vikao vinne anajua kwamba leo yule mtu hakutabasamu. Anaanza kumfurahisha mshauri wake, anamletea ndizi, anajifanya amepona ili asiongeze deni. Matibabu yameishia hapo, hata kama wanaendelea kukutana.

Kuna hatari mbaya zaidi, na washauri huizungumza kwa sauti ya chini. Mshauri aliyesota ana sababu ya kutotaka upone. Mteja anayelipa kwa wakati, anayefika kila Alhamisi, ni kodi ya nyumba. Siku akisema, "Nahisi niko sawa sasa," kuna sauti kichwani inayosema, bado, bado kuna ile stori ya mama yako hatujaigusa. Sisemi watu hawa ni wabaya. Nasema njaa ni mshauri mbaya sana wa washauri, na mtu anayekataa kuitazama pesa yake ndiye pesa humwendesha bila yeye kujua. Kinyozi hajinyoi. Kazi yao nzima ni kutuambia kwamba kitu usichokitaja kitakutafuna kimya kimya. Basi wakitaje.

Wala si jambo geni. Sigmund Freud, yule wa Vienna ambaye kila kitabu cha saikolojia huanza naye, aliandika mwaka 1913 kuhusu namna ya kuanza matibabu, na pesa aliiweka mezani mapema. Alisema watu huificha pesa kwa aibu ile ile wanayofichia mambo ya kitandani, na kwamba daktari anapaswa kuzungumzia vyote viwili waziwazi. Mgonjwa alikodi saa yake, asipokuja, alilipa. Unaweza kumwona mkali, na mimi kuna mengi ya Freud nisiyoyakubali. Lakini mwaka 1918, akihutubia Budapest, huyo huyo alisema maskini nao wana haki ya matibabu hayo, na miaka miwili baadaye wanafunzi wake wakafungua kliniki Berlin iliyotibu watu hata wasio na pesa. Mambo hayo mawili hayapingani. Aliyejua saa moja ina thamani gani ndiye aliyejua anachotoa akiitoa bure.

Najua kuna msomaji amekasirika kufikia hapa. Anasema: wewe unaongea habari ya 2,000 wakati mtu wa boda anapeleka pikipiki ya mwenyewe hesabu ya siku na anabaki na mia tatu. Mama omena apate wapi 2,000 za kuongea?

Hapati. Hilo ndilo jibu la kweli, na ndiyo sababu nataka bei itajwe. Bei ikifichwa, tunajidanganya kwamba mama omena angeweza kwenda akitaka, kwamba "wataelewana". Bei ikiandikwa ukutani tunaona wazi kwamba hawezi, na swali linahama kutoka kwa roho nzuri ya mshauri mmoja hadi kwa wenye bajeti. Mshauri aliyejiajiri juu ya duka la dawa si serikali ya kaunti. Tukimfanya awe ndiye huduma ya bure ya mji mzima, tutamuua yeye na serikali italala vizuri.

Maana serikali imeshakiri mengi kwenye karatasi. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa, na inasema mtu mwenye ugonjwa wa akili ana haki ya kupata bima ya matibabu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Vizuri sana. Tumekubaliana kwamba mtu huyo hafai kupelekwa seli. Sasa apelekwe wapi, na nani atalipa? Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA. Hizo ndizo pesa za kuulizia. Lakini utaidai vipi bima kwa huduma ambayo wenye kuitoa wanaona haya kusema ni pesa ngapi?

Watu hupenda kunitajia Friendship Bench ya Harare, yale mabenchi ambayo mabibi wa mtaa huketi na kuwasikiliza watu. Ni mradi mzuri kweli. Dkt. Dixon Chibanda aliuanzisha Mbare mwaka 2006, na matokeo yake yamechapishwa kwenye majarida makubwa ya tiba. Lakini wanaoutaja husahau kwamba wale mabibi wa kwanza walikuwa tayari wahudumu wa afya wa jiji. Hawakuokotwa sokoni waambiwe wapende watu kwa ajili ya Mungu. Benchi lilikuwa bure kwa aliyeketi kulia. Ukiona huduma ya bure iliyodumu, tafuta aliyelipa. Ukikosa kumwona, basi ni mtoa huduma mwenyewe.

Na tusijifanye hatuna uwezo kabisa wa kuchangia. Sisi watu wa Kisumu tunajua kuchanga. Mtu akifa, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa kabla mwili haujafika mochari. Bei ya jeneza inatajwa. Bei ya gari inatajwa, hema, viti, ng'ombe, mpiga picha, yote kwa orodha, na kila aliyetuma jina lake linaandikwa na kiasi chake. Hakuna anayeona aibu. Kijana huyo huyo, mwaka mmoja kabla, alipokuwa hali wala halali, hakuna aliyejua vikao sita vingegharimu kiasi gani. Kwa bei yangu ya mfano ni 12,000. Tulichanga kwa ajili ya mazishi kwa sababu mazishi yalikuwa na bajeti. Maumivu yake hayakuwa na bajeti.

Kwa hiyo, washauri wetu, na nasema wetu kwa sababu tunawahitaji: andikeni bei. Mlangoni, kwenye ukurasa, kwenye ujumbe wa kwanza wa simu. Semeni kabla mtu hajafungua mdomo. Mkitaka kuwasaidia wasio nacho, na msaidie, tengeni nafasi: mbili kati ya kumi, bei yake ijulikane, anayestahili ajulikane, na zikijaa semeni zimejaa na mwelekezeni mtu hospitali ya umma. Msipunguze bei kwa kupima wingi wa machozi, maana kuna wanaolia sana wakiwa na pesa na kuna maskini wasiojua kulia mbele ya mgeni. Wekeni sheria ya miadi iliyokosewa. Hata nyoluoro ya akina mama ina faini ya kuchelewa na haijavunja undugu wa mtu. Tengeni laini ya kazi na laini ya unga, mjilipe mshahara mdogo lakini mjilipe. Na mwenye leseni aionyeshe, kwa sababu tangu 2014 kuna sheria inayotaka mshauri asajiliwe, na anayelipa ana haki ya kujua analipa nani.

Nasi wateja tuulize. Usione haya kusema kwenye simu, "Ni pesa ngapi, na kama sina?" Ukikubali bei, lipa. Ukishindwa, sema mapema, siyo mlangoni. Usimgeuze rafiki kuwa kliniki, na usimgeuze mshauri kuwa rafiki wa saa nne usiku. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la mtu aliyekusikiliza siku mbaya kuliko zote maishani mwako ni la kwanza kwenye foleni.

Siku ya kumwona mshauri, mtu tayari amebeba vya kutosha. Asibebeshwe na kitendawili.